Mtani Hayumo Kwenye Orodha

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Tafadhali msicheke kabla sijamaliza. Nimekwisha kuchekwa na watu wanaonipenda kuliko ninyi. Barua ya kampuni ilisema ninastaafishwa kwa manufaa ya kampuni, na mimi, ambaye siku zote nimeyachukua maneno ya karatasi kama yalivyoandikwa, nilitoka dukani siku ile nikijikuta natembea polepole, mkono mmoja mgongoni. Vocha na laini sasa zitauzwa na mawakala wenye miamvuli, na duka letu la Korogwe, pale jirani na stendi, mmebaki watatu: Zaina, na ninyi wawili mliokuja juzi. Mzee Mhina, aliyestaafu kabla yangu kwa njia ya kawaida, yaani kwa kuzeeka, ameniambia niwaandikie niliyojifunza kaunta. Aya hii nimeiandika mara tisa. Ya tisa si nzuri kuliko ya pili, ila daftari linakwisha.

Nilianza kazi miaka ile makampuni ya simu yalipokuwa yanaingia mikoani na kila mlima ukitafutiwa mnara. Nilitoka Mpale na cheti cha kidato cha nne ambacho mpaka leo nakionyesha kikiwa kimekunjwa. Mambo ya simu nilijifundisha mwenyewe. Mjomba alikuja na simu kutoka Dar es Salaam, simu ikazama kwenye sufuria la maharage, kikabaki kile kitabu chake cha maelekezo kwa Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi mpaka nikakijua kwa moyo. Hivyo nilifika kwenye usaili nikijua kila kitu kuhusu simu isipokuwa kuishika.

Siku ya kwanza kaunta nilikuwa nimekariri maneno ya kumkaribisha mteja. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee wa makamo mwenye mwavuli. Nikasema, "Shikamoo mzee. Karibu katika ulimwengu mpya wa mawasiliano, mimi naitwa Elia, nikuhudumie vipi?"

"Marahaba. Choo kiko wapi?"

Kwa choo sikuwa nimekariri kitu. Nikaanza upya, "Karibu katika ulimwengu mpya wa mawasiliano," nikaenda nayo mpaka mwisho. Mzee alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Choo kiko wapi?"

Mzee Mhina, mkuu wa duka, ndiye aliyemwonyesha. Yeye alikuwa fundi wa simu za serikali, mtu wa kupanda nguzo, mpaka walipopunguzwa kazini. Alinifundisha kwa vitu vitatu: mswaki laini, spiriti na kifutio cha penseli. "Simu haifi," alikuwa akisema, "inachafuka." Kifutio ni cha kusugulia ile sehemu ya dhahabu ya laini, sugueni kwa kwenda upande mmoja, msirudi. Simu za kutoka Handeni zilikuja na vumbi jekundu mpaka ndani ya betri. Za kwetu milimani zilikuja na ukungu. Za Hale zilikuja safi na zimejaa chaji, maana watu wa nyumba za bwawa la umeme hawakuwa na shida ya soketi, na walitutazama kwa namna hiyo hiyo.

Mlangoni kwetu alikaa Mama Mboni, muuza uji na vitumbua, Mzigua wa Handeni. Asubuhi yangu ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu.

"Wee kijana, umetoka wapi?"

"Mpale, mama."

"Msambaa! Ndiyo maana umevaa sweta kwenye joto hili. Lete kikombe nikumiminie kabla hujachemka mwenyewe."

Kama mnavyojua, Mzigua na Msambaa ni watani. Babu zetu walipigana, na sisi tukaachiwa matusi tuyamalizie. Kuanzia siku ile yeye aliniita kinyago, mimi nikamwita mla panya, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Shikamoo hatukuijua. Mtu mwingine yeyote wa umri wake ningemwamkia kwa kuinama kabisa. Kwake ningeinama angenimwagia uji.

Mwaka wangu wa pili kampuni ilileta mpango wa ndugu wa mfanyakazi. Kila mfanyakazi alipendekeza watu watano, na laini za hao watano, wakipigiana, zilikatwa nusu ya gharama, tena kwa sekunde badala ya dakika nzima. Wakati ule ulikuwa ukisema "haloo" ukakata, umelipia dakika. Kwa hiyo mpango huu ulikuwa neema. Fomu ilikuwa fupi: jina, namba, kijiji, na mwishoni neno moja, Uhusiano, na mstari mtupu mbele yake.

Zaina, ambaye mnamjua na atakayekana jambo hili, alipendekeza kaka watano siku hiyo hiyo. Kaka hao walikuja dukani kwa zamu kuchukua laini zao na hakuna aliyefanana na mwenzake hata masikio. Mimi nilikuwa na mama na dada yangu Mpale; baba alikataa simu, akinitaka alishuka mwenyewe na kuningoja mlangoni kwenye uji, nikabaki na nafasi tatu.

Mama Mboni alikuja akiwa ameacha birika mlangoni, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi. Binti yake, Mboni, alikuwa ameolewa na mfugaji huko Kang'ata, ndani kabisa ya Handeni, na alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimepotea. Ya pili ilianza kwa miguu kuvimba; Mboni akaandika barua, akampa kondakta wa basi, na barua ikamfikia mama yake baada ya siku tisa, wakati tayari wamekwisha kuzika. Safari hii mkunga alisema miguu ikivimba tu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mumewe alishinda machungani na ng'ombe, mama mkwe alikuwa haoni vizuri. Mama Mboni alitaka amuulize mwanawe kila siku neno moja: miguu?

"Si mbipiane tu, mama?" Zaina aliuliza. "Bipu moja mizuri, mbili imevimba. Bure kabisa."

Walikwisha kujaribu. Huko Kang'ata mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu, na hata hapo ulikuwa ukikatika. Siku moja bipu ikakatika katikati, ikafika kama mbili. Mama Mboni alifunga kanga, akapanda basi, akalala Handeni, akadandia lori la mkaa, akafika na kumkuta Mboni anatwanga mahindi. "Nilitamani nimpige," alisema, "lakini nilikuwa nimechoka."

Basi nikachukua fomu mbili, ya mama na ya binti. Nikaandika jina, namba, kijiji. Nikafika kwenye uhusiano. Mtu mwenye akili timamu angeandika "shangazi". Mimi nilifikiri, nikapiga mstari kwa rula ili neno lisipande, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kwenye mtihani: mtani.

Laini zilifunguliwa upesi, kwa kuwa Dar es Salaam walifungua kwanza na kusoma baadaye. Kila siku saa nne asubuhi Mama Mboni alipiga akiwa ameegemea kaunta yetu.

"Miguu?"

"Mizuri, mama."

"Haya." Anakata. Sekunde sita. Akipita saba tulijua wana ugomvi.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka makao makuu: fomu zangu mbili hazikutaja uhusiano. Nikajibu kwa kurasa tatu. Nilieleza vita vya babu zetu, kazi za mtani msibani, tofauti ya utani wa makabila na utani wa babu na mjukuu, nikaambatanisha mchoro. Jibu lilikuwa na maneno mawili: "Taja uhusiano." Nikadhani labda mwandiko wangu ulikuwa mdogo. Nikaandika upya kwa herufi kubwa: MTANI.

Barua ya tatu haikuniuliza kitu. Ilisema mkaguzi angefika Korogwe Alhamisi, na laini zote zisizo na uhusiano unaotambulika zingekatwa Ijumaa. Mboni alikuwa anaingia mwezi wa nane.

"Andika shangazi," Mzee Mhina aliniambia, macho yake kwenye simu aliyokuwa anaipiga mswaki.

"Si shangazi yangu, mzee."

"Zaina ana kaka watano."

"Hayo ni ya Zaina."

"Elia, huu ugonjwa wako duka la dawa hawana dawa yake."

Watu waliosikia habari hii wamenisifu kuwa nilikuwa mkweli. Sikuwa mkweli. Nilikuwa mwoga. Niliogopa kukutwa na karatasi yenye kosa kuliko nilivyomwogopea Mboni, na Jumatano ile niliwaza kabisa, nikiwa nimelala macho wazi, kwamba heri laini ikatwe na faili langu libaki safi. Ninaandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika niliyojifunza, na hili nililijifunza kuhusu mimi.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, Bi. Kalunde. Alifungua faili lake, akanitazama, akacheka.

"Wewe ndiye MTANI wa herufi kubwa? Ofisini tumekubandika ukutani."

Nilitamani sakafu ya duka iwe na mlango. Kabla sijajibu, Mama Mboni akaingia na kikombe cha uji cha mgeni.

"Huyu ndiye mtu wa Dar? Kwenu hasa wapi, mama?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Mama Mboni akaweka kikombe mbali naye. "Jamani mshikeni, asije akaondoka na kaunta kichwani. Hawa wakiona mzigo, kichwa kinawasha."

Wazigua na Wanyamwezi nao ni watani, tangu enzi za misafara. Bi. Kalunde alivua miwani taratibu.

"Na sisi tulipokuwa tunapita hapa na mizigo kwenda pwani, Wazigua tuliwakuta mmelala. Tukauza, tukarudi, bado mmelala. Leo nimekuja kwa basi, naona angalau wewe umeamka."

"Nimeamka nilinde kuku wangu!"

Duka zima likacheka, hadi wateja. Mimi nilicheka kuliko wote kwa kuwa nilidhani yamekwisha. Bi. Kalunde akavaa miwani, akawa mkaguzi tena.

"Kaka Elia, mimi mtani namjua. Kompyuta haimjui. Aliyeitengeneza hakuzaliwa nchi hii. Ina orodha, na nje ya orodha inakataa." Akaisoma: mume au mke, baba, mama, mtoto, kaka, dada, mlezi. "Chagua moja. Isipokuwepo, kesho nakata."

Nikatazama mikono yangu. Mama Mboni alikuwa ameacha kucheka.

"Elia," sauti ya Mzee Mhina ilitoka nyuma ya meza ya ufundi. "Mwaka ule wa malaria, ulipolala siku kumi kwenye kile chumba chako cha Manundu, nani alikuletea uji?"

"Mama Mboni."

"Nani alikufulia mashuka?"

"Mama Mboni."

"Nani alikaa na wewe ulipokuwa unaweweseka, unawakaribisha watu kwenye ulimwengu mpya wa mawasiliano?"

"Mama Mboni."

"Mtu huyo kwa Kiswahili anaitwaje?"

Badala ya kujibu nilianza kutafuta kasoro. "Lakini mlezi ni yule anayekulea tangu utotoni..."

"Fomu haijauliza tangu lini," alisema Bi. Kalunde.

"Ngojeni kwanza," alisema Mama Mboni. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sikuwahi kumsikia na sauti ndogo. "Nikiwa mlezi, huyu ni mwanangu. Mtu hamwiti mwanawe kinyago. Asubuhi nitamtukana nani?" Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa: mimi nililinda karatasi yangu, na yeye alikuwa anapima kama atoe kitu chake halisi. Akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa karibu saa nne. "Mboni sasa hivi yuko juu ya kichuguu ananisubiri. Andika."

Nikaandika. Herufi ya kwanza ikatoka kama yai lililopasuka, nikaomba fomu nyingine.

"Sina nyingine," alisema Bi. Kalunde. "Kata, andika pembeni."

Hiyo ndiyo karatasi pekee yenye kufutwafutwa niliyowahi kuisaini katika kazi yangu, na iko kwenye faili mpaka leo, msiitoe. Mlezi. Na kwa Mboni, dada. Mzee Mhina akatia saini ya shahidi.

Mama Mboni akajifunga kanga vizuri, akasimama mbele yangu.

"Haya. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simama wima."

Kisha akapiga simu. "Miguu?" Mizuri. Sekunde sita.

Zilipita kama wiki mbili. Jumanne moja aliuliza swali lake na jibu halikuja upesi. Sekunde sita zikapita, zikapita kumi. Nilimwona anashika ukingo wa kaunta.

"Tangu lini? Na kichwa je? Unaona nini? Usishuke peke yako. Mpe simu huyo kijana wa ng'ombe, mpe!"

Miguu ilikuwa imevimba usiku uliotangulia na macho yalikuwa yanaona vimulimuli. Kwa laini ile ile alimtafuta mkwewe kupitia wachungaji, akamwamuru awaache ng'ombe, amtafute mwenye pikipiki, Handeni hospitali, wasingoje basi la Korogwe. Hakuwa anaomba. Alipokata, alinikabidhi birika na kupanda basi akiwa na ndala.

Kwa siku tatu niliuza uji mlangoni mwa kampuni ya simu. Nilipima kila kikombe mpaka kwenye alama, nikakipunguza kilichozidi, nikakiongeza kilichopungua, na wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu saa nne simu ya kaunta ikalia. Nilisahau maneno yote niliyowahi kukariri.

"Mwanangu," alisema, "wa kike. Wote wawili wazima. Alitolewa kwa kisu, lakini wazima." Nyuma yake mtoto alikuwa analia kwa nguvu, kwa nusu ya gharama. Mtoto yule ana jina zuri la kwenye kitabu cha dini, lakini nyumba nzima inamwita Miguu.

Baada ya hapo nilimwamkia Mama Mboni kila asubuhi kama mtoto mwenye adabu, naye akaniitikia kama mama. Uji ulikuwa ule ule. Lakini nitawaambia ukweli: asubuhi zilipoa. Alikuwa akifungua mdomo, anakumbuka, anaufunga.

Kisha baba yangu akafariki. Tulikuwa tumekaa uwanjani Mpale, jeneza likitolewa, nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha baba, kile chake cha kuanza mara tatu. Nikageuka nimekauka. Alikuwa Mama Mboni. Alikuwa amevaa kofia ya baba na koti lake kinyumenyume, anatembea kwa ule mwendo wake wa goti bovu, akalala kifudifudi mbele ya jeneza. "Haendi mtu!" akapiga kelele. "Msambaa huyu aliniahidi viazi, hajaniletea! Kwanza aamke!" Wajomba zangu, wazee wazima, wakaangua kicheko na machozi yakiwatoka. Na mimi, niliyekuwa sijalia tangu nipate habari, nililia hapo, nikacheka hapo hapo. Mlezi angekaa mkekani na wafiwa. Kazi ile ni ya mtani peke yake, na alipanda mlima ule kwa miguu yake kuja kuifanya.

Ijumaa iliyopita Zaina alinipa fomu ya mwisho, ile ya mfanyakazi anayeondoka, ya kuhamisha laini za ndugu zake kwenye malipo ya kawaida. Siku hizi wanatoza kila mtu kwa sekunde, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Fomu ina jina, namba, kijiji, na mstari ule ule. Sikutumia rula. Nikaandika.

Zaina akabonyeza, akabonyeza tena. "Kaka Elia, hii haimo kwenye orodha. Inakataa."

"Iache ikatae."

Nikatoka na bahasha yangu na mswaki wa Mzee Mhina mfukoni. Mama Mboni alikuwa mlangoni na birika lake, Miguu amekaa kando anakula kitumbua. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba," akasema, akaninyooshea kikombe. "Kunywa uji, kinyago wewe."